Mvumo wa hezi 75 na wadudu wa ziwani

Wiki iliyopita mama mmoja mwenye gesti huku Kirumba, Mwanza, kanipigia, "mwanangu njoo, AC ya chumba cha juu inavuma usiku kama mashine ya kusaga, wageni wanaomba kuhamishwa". Fundi aliyenitangulia alishabadilisha beringi za mota akaweka na mpira chini ya autidoa, yaani lile boksi la AC linalokaa nje, mvumo uko palepale.

Nikakaa nayo nje na simu, nikafungua ile programu ya kuchora sauti. Mstari mrefu kwenye hezi 75, yaani mitetemo 75 kwa sekunde, mwingine mfupi kwenye 150. Feni ina mapanga 5 na mota inazunguka mara 900 kwa dakika, yaani 15 kwa sekunde, 15 mara 5 ndo hiyo 75. Basi anayelia ni panga.

Sasa kwa nini alie? Mi mwanzo nilipokuwa napiga hesabu za kelele kwenye kompyuta niliiweka koili, yale mabomba ya nyuma ya feni yenye bati nyembamba zinazoitwa fini, kama kitu cha kumeza sauti, kila nafasi kati ya fini na fini, kama milimita 1.5 hivi, naichukulia kama kichochoro ambamo hewa inasuguana na bati. Kwa sauti nyembamba inasaidia kidogo, ila wimbi la hezi 75 lina urefu wa kama mita 4 na nusu na koili unene wake sentimita 2, linapita tu kama sauti ya ngoma kwenye chandarua. Kazi kubwa ya koili kwenye kelele ni kuamua hewa inaifikiaje feni, maana sehemu moja ikiziba hewa ya upande ule inakuja polepole, kila panga likipita pale mzigo wake unabadilika ghafla, likitoka unarudi, mara 75 kila sekunde. Hapo ndo mvumo unapozaliwa.

Nikazunguka nyuma na tochi. Kona ya chini kushoto imejaa wadudu wa ziwani, wale wanaopanda juu ya maji kama moshi, wamekaukiana na vumbi hadi fini hazionekani, na taa ya nje imefungwa palepale juu yake inawaita usiku kucha.

Nimeosha kwa maji ya presha ndogo kutoka ndani kwenda nje, fini zilizolala nimezinyoosha na chanuo taratibu, nikawasha. Ule mstari wa 75 umeshuka mpaka nikawa nautafuta kwa macho, mama akasema "ee, hapo sawa". Taa tumeihamishia kule getini.