Waya ulioiba intaneti: kumbukumbu ya mtandao wangu wa nyumbani

Nyumbani nina mitandao miwili, na nimeifanya hivyo kwa makusudi. Intaneti inaingia kwa ruta ya 4G iliyokaa dirishani chumba cha mbele, mahali pekee inaponasa mawimbi vizuri, kisha inasambaa kwa Wi-Fi. Chumba cha kazi kina kompyuta ya mezani ya Windows, kompyuta kuukuu niliyoitia Linux iwe ghala la picha na nakala za akiba, na printa. Hizo tatu nimeziunganisha kwa waya, maana kuhamisha picha za mwaka mzima kwa Wi-Fi ni kujaza pipa kwa kijiko. Sikuwa na swichi, kisanduku cha kuunganisha nyaya za mtandao, kwa hiyo nilifufua ruta ya zamani iliyokuwa kabatini, yenye matundu manne, nikachomeka nyaya zote humo. Tundu lake la kupokea intaneti likabaki tupu. Kompyuta ya mezani ikawa kwenye mitandao yote miwili: waya kwa ajili ya ghala, Wi-Fi kwa ajili ya intaneti. Niliiona ni akili nyingi.

Wiki ya kwanza

Mchana intaneti kwenye kompyuta ni safi. Ikifika jioni, inakufa. Sisemi inapungua kasi, inakufa kabisa: alama ya Wi-Fi ipo, mistari imejaa, na hakuna ukurasa hata mmoja unaofunguka.

Mtu yeyote angesema ni msongamano wa jioni, nami nikasema hivyo hivyo. Nikawapigia watoa huduma. Wakaniambia nizime ruta, nihesabu hadi thelathini, niwashe. Nilifanya hivyo siku nne mfululizo na mara mbili ikakubali. Hizo mara mbili ndizo zilizonipoteza, kwa sababu dawa inayofanya kazi siku moja na kugoma siku ya pili humfanya mtu aongeze dozi. Nikahamisha Wi-Fi kutoka chaneli ya 6 kwenda ya 11. Nikahamia 5 GHz. Nikaondoa draiva ya kadi ya Wi-Fi na kuiweka upya. Bure.

Alhamisi, mdogo wangu akiwa kwenye kochi:

"Kaka, mbona kwangu inafunguka?"

"Kwenye data yako."

"Hapana, hii hii Wi-Fi yako."

Nikaichukua simu yake nikaangalia mwenyewe. Kweli. Wiki nzima kila intaneti ilipokata nilikuwa nahamia data ya simu yangu, sikuwahi kujaribu kifaa kingine kwenye Wi-Fi ileile. Kipimo cha sekunde kumi kingeniokolea siku tano na simu mbili za kulalamika kwa watu wasio na kosa.

Ijumaa usiku

Sasa nimeacha kubahatisha. Nimefungua dirisha la amri. Amri ya `ping` hubisha hodi kwenye anwani na kupima jibu limechukua muda gani.

`ping 192.168.1.1`, yaani ruta yangu: inajibu, chini ya milisekunde moja. `ping 8.8.8.8`, anwani iliyo nje kwenye intaneti: jibu linatoka kwa 192.168.1.1 likisema huko hakufikiki. Kwa hiyo ruta ipo na inazungumza, ila inadai haijui njia ya kwenda nje. Nikaamini ni ruta ya 4G imechanganyikiwa. Lile jibu la chini ya milisekunde moja lilipaswa kunishtua hapo hapo, kwa sababu Wi-Fi yangu kwa kawaida hurudisha milisekunde mbili hadi tano, tena kwa kuyumbayumba. Jibu la haraka na tulivu namna ile ni tabia ya waya. Sikushtuka.

Nikaandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari ili niingie kwenye mipangilio ya ruta ya 4G. Ukurasa uliofunguka ulikuwa wa ruta ya zamani, ile ya kabatini.

Nikachomoa waya nyuma ya kompyuta, nikafungua tena anwani ileile: ukurasa wa ruta ya 4G. Nikachomeka: ya zamani. Nyumba mbili, namba moja mlangoni. Na nilipochomoa waya, kurasa zote zilizokuwa zimekwama zikafunguka kwa pamoja. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kuhusu zile namba, mwaka 1996 mafungu matatu ya anwani yalitengwa rasmi kwa mitandao ya ndani: yanayoanza na 10, yanayoanza na 172.16 hadi 172.31, na yanayoanza na 192.168. Ni mamilioni ya anwani, lakini watengenezaji wengi wa ruta za nyumbani huchota kona ileile, 192.168.0 au 192.168.1. Ruta mbili kugongana namba ndani ya nyumba moja si ajabu hata kidogo.

Kisha `route print`, amri niliyokuwa naiogopa bila sababu. Inaonyesha jedwali la njia ambazo kompyuta inazijua. Mstari wa 0.0.0.0 maana yake ni "kokote kwingine", na kwangu ilikuwepo miwili: mmoja kupitia waya wenye metriki 35, mwingine kupitia Wi-Fi wenye metriki 45. Metriki ni kama nauli, na kompyuta huchukua njia yenye nauli ndogo. Windows hupanga nauli hiyo yenyewe kwa kutazama kasi ya kiungo. Haikuuliza kama mwisho wa waya ule kuna intaneti. Iliambiwa kuna lango, yaani kifaa cha kupitia kwenda nje, ikaamini.

Aliyeiambia ni ruta ya zamani. Niliigeuza swichi kichwani mwangu tu. Yenyewe ilibaki ruta. Kila kifaa kilichochomekwa ilikipa anwani kwa DHCP, huduma inayogawa anwani yenyewe, na pamoja na anwani ikatoa lango: "mkitaka kwenda nje, piteni kwangu." Nje kwenyewe ni lile tundu tupu.

Na jioni? Aibu tupu. Ruta ya zamani huwa naiwasha jioni tu, nikitaka kuhamisha nakala kwenda ghalani, kisha nazima soketi nikienda kulala. Zile mara mbili ambazo kuzima na kuwasha ruta ya 4G "kulikubali", nilikuwa nimeshamaliza kunakili na kuzima soketi.

Jumamosi

Njia rahisi ilikuwa kuipandishia waya metriki kwa mkono, tuseme 100, ili Wi-Fi ishinde. Nimeikataa. Lango bovu lingebaki kwenye orodha likisubiri zamu, na mitandao miwili ingeendelea kugombea 192.168.1. Nataka kila mtandao uwe na fungu lake, na lango liwe moja tu ndani ya kompyuta, la Wi-Fi.

Nimezima DHCP kwenye ruta ya zamani. Intaneti ikarudi waya ukiwa umechomekwa, nikapiga kofi la peke yangu. Kisha nikaenda ghalani: halifunguki. `ipconfig`, amri ya kutazama anwani za kompyuta, ikaonyesha waya una anwani ya 169.254 na namba nyingine mbili ndefu. Hiyo ndiyo anwani kompyuta inayojipa yenyewe inapoita DHCP na kukosa wa kuitika. Ukiiona, usihangaike na lango wala DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Swali ni kwa nini hakuna aliyekupa anwani. Kwangu jibu nililijua, nilikuwa nimemfukuza kazi dakika tano kabla. Ghala nalo lina anwani ya kudumu, 192.168.1.20, kwa hiyo hawa wawili hawakuwa wanaongea tena.

Nikazima Wi-Fi, nikaipa kompyuta 192.168.1.30 ya muda, nikaingia ghalani na kwenye ruta ya zamani kubadilisha kila kitu. Mpangilio mpya: ruta ya zamani 10.10.10.1, kompyuta 10.10.10.2, ghala 10.10.10.3, printa 10.10.10.4, vyote na kinyago cha 255.255.255.0, maana yake namba tatu za mwanzo ndizo zinazoutambulisha mtandao.

Halafu nikafanya upuuzi. Kwenye fomu ya Windows kuna kisanduku cha lango. Kisanduku kitupu kinanikera, kwa hiyo nikaandika 10.10.10.1. Windows ikatoa onyo kwamba malango zaidi ya moja yanaweza yasifanye kazi vizuri. Nikabonyeza kukubali bila kulisoma hadi mwisho, kama ninavyofanya siku zote. Intaneti ikafa.

Nimerudi, nimekifuta kisanduku. Lango: wazi. DNS ya upande wa waya: wazi. `route print` sasa ina mstari mmoja tu wa 0.0.0.0, wa Wi-Fi, pamoja na mstari wa 10.10.10.0 unaopita kwenye waya. Barua za ghalani, yaani data ya kwenda huko, zinapita kwenye waya kwa sababu njia iliyotajwa kwa jina huishinda "kokote kwingine". Nimejaribu vyote viwili kwa wakati mmoja, video kwa Wi-Fi na kunakili picha kwa waya, na hakuna aliyemgusa mwenzake.

Jumapili

Asubuhi nimekuta nakala za jana jioni hazikufanyika. Ghala ndilo linalokuja kuchota mafaili kwenye kompyuta, si kompyuta inayoyapeleka. Nikipiga ping kutoka kwenye kompyuta kwenda ghalani, jibu linakuja. Kutoka ghalani kwenda kwenye kompyuta, kimya.

Waya haubagui upande, kwa hiyo nilijua ni fayawoli, mlinzi wa Windows anayeamua nani aingie kutoka kwenye mtandao. Windows hutambua mtandao kwa kuangalia lango lake. Mtandao usio na lango huuita mtandao usiojulikana, na usiojulikana huuweka kwenye kundi la mitandao ya hadharani, kana kwamba nimekaa uwanja wa ndege. Hapo anayetoka ndani anapita na anayebisha hodi kutoka nje hafunguliwi. Kwa maneno mengine, dawa ya jana ndiyo iliyoleta ugonjwa wa leo.

Ningeweza kuulazimisha mtandao huo uhesabiwe wa binafsi, lakini nimeona bora kanuni finyu: poti 445, mlango wa kushiriki mafaili, ifunguliwe kwa 10.10.10.3 peke yake. Dakika tatu. Nakala zimeanza kuchotwa.

Wiki ya pili, kasi

Sasa kila kitu kinafanya kazi, na kila kitu kinakwenda pole pole. Kunakili kunagota kwenye megabaiti 11 kwa sekunde, hakupandi wala hakushuki. Kikomo kinachokaa palepale namna hiyo ni sahihi ya kiungo cha megabiti 100: gawa kwa 8, kwani baiti moja ni biti 8, upate 12.5, toa uzito wa bahasha, yaani anwani na alama zinazosafiri pamoja na data, umefika. Ruta ya zamani ndiyo kikomo, matundu yake ni ya 100. Nimeistaafisha, safari hii kwa kweli, na kuleta swichi ndogo ya gigabiti yenye matundu matano. Swichi isiyo na ukurasa wa mipangilio wala maoni yake kuhusu malango. Naipenda tayari.

Bado megabaiti 11.

Upande wa ghala swichi ilionyesha gigabiti, upande wa kompyuta 100. Waya wa kompyuta niliubana kichwa mwenyewe miaka kadhaa iliyopita, kazi ambayo nimekuwa nikijisifia. Ndani ya waya huo kuna nyuzi nane, jozi nne. Kiungo cha megabiti 100 kinatumia jozi mbili tu, nyuzi zilizoko nafasi ya 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inataka jozi zote nne. Maana yake waya unaweza kuwa na jozi mbili zilizokufa na ukafanya kazi miaka mitano bila kulalamika, mpaka siku utakapouomba zaidi.

Nimeelekeza tochi kwenye kile kichwa cha plastiki: uzi wa kahawia, wa nane, haukufika mwisho. Umeishia njiani, meno hayakuuma shaba. Nimekata, nimenyoosha nyuzi upya kwa mpangilio wa B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Wanaojifunza hukosea hapo katikati, wakidhani kijani na nyeupe-kijani lazima vikae pamoja. Havikai, bluu zinaingia kati. Na usifumue msokoto wa jozi zaidi ya inavyohitajika, kwa kuwa msokoto huo ndio unaozuia jozi moja kusikia ya jirani.

Kichwa cha kwanza nimekiharibu. Cha pili kimekubali. Taa imebadilika rangi, iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, imesoma megabiti 940, kunakili kumepanda hadi megabaiti 112 kwa sekunde. Mdogo wangu akauliza kama sasa nitaacha kutambaa chini ya meza.

Kilichobaki

Ghala halina intaneti. Nilitaka hivyo, lakini saa yake imeanza kuchelewa, leo dakika moja na sekunde kidogo, na programu yangu ya nakala inalinganisha mafaili kwa saa. Nilifikiria kuiambia Windows ishiriki Wi-Fi yake kupitia waya. Kitufe kipo, ila ukikibonyeza kinaupa waya anwani ya 192.168.137.1 na kuanzisha DHCP yake. Nimemfukuza mmoja juzi, siajiri mwingine.

Jaribio la wiki hii: kompyuta ya mezani iwe inachukua saa kutoka nje kwa Wi-Fi na kuitoa kwa ghala kupitia waya, bila kumpa mtu lango. Itanilazimu nifungue poti ya UDP 123, mlango wa kuulizia saa, kwenye ile fayawoli, kwa 10.10.10.3 tu. Karatasi ya anwani nimeibandika kando ya swichi, na kwenye mstari wa lango nimeandika "HAKUNA" kwa wino mwekundu, kwa ajili yangu mwenyewe.