Miezi Mitatu Nyumbani kwa Elisabeti

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo la juma hili ni Luka 1:39–66. Nawaomba mlisome lote, maana wengi wetu tukifika pale Mariamu anapomaliza wimbo wake tunafunga Biblia, na mstari wa 56 unabaki hauna msomaji: "Mariamu akakaa naye kadiri ya miezi mitatu, kisha akarudi kwenda nyumbani kwake."

Tupige hesabu. Malaika alimwambia Mariamu kwamba mimba ya Elisabeti imefika mwezi wa sita. Jumlisha mitatu. Mariamu alikaa pale katika kipindi ambacho mjamzito, tena mwanamke aliyekwisha kula chumvi nyingi kama Elisabeti, miguu imevimba, usingizi hauji, na kuinama kuokota kijiko ni kazi ya kujipanga. Mariamu naye alikuwa ndani ya miezi yake ya mwanzo, ile ya kichefuchefu, ambayo harufu ya kitunguu tu inaweza kumtoa mtu jikoni mbio. Mmoja anamaliza, mwingine anaanza. Na kutoka Nazareti hadi milima ya Yuda ni zaidi ya kilomita 100, kama mtu atoke hapa Mwanza mjini kwa miguu kuelekea Shinyanga. Mtu hafungi safari ya namna hiyo ili akanywe chai aondoke.

Luka hasemi walifanya nini siku zote hizo. Lakini wahenga walishatuambia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi sidhani kama Mariamu aliingoja hiyo ya tatu. Kulikuwa na maji ya kuteka, nafaka ya kusaga, nguo za kufua. Kulikuwa pia na ukimya, maana Zakaria alikuwa bubu tangu alipotoka hekaluni, na mstari wa 62 unaonyesha watu wakimwashiria, kana kwamba hata kusikia alikuwa hasikii. Nyumba imekaa nusu mwaka bila mume kutamka neno, halafu siku moja inasikika mlangoni shikamoo ya binti. Mtoto akaruka tumboni. (Najua ilikuwa kazi ya Roho Mtakatifu. Lakini mama yake naye alikuwa na hamu ya kusikia sauti ya mtu.)

Sasa tuje kwetu. Kwenda kumwona mzazi tunajua sana. Akina mama wanapanga siku, wanavaa kitenge cha sare, wanabeba sabuni, sukari, unga wa ulezi, khanga na mafuta ya mtoto, wanapanda mlima wa Igogo au wa Mabatini wakiimba. Chumba kinajaa hadi wengine wanakaa nje kwenye mawe. Mtoto anapita mkono kwa mkono, anaombewa, soda zinafunguliwa, picha zinapigwa, tunashuka. Siidharau siku hiyo. Jirani na jamaa za Elisabeti nao walifurahi pamoja naye, mstari wa 58 unasema. Ila angalieni Luka alivyopanga habari zake: kuondoka kwa Mariamu kumeandikwa kabla ya kuzaliwa kwa Yohana. Siku nyumba ilipojaa watu, yule aliyekaa miezi mitatu hatajwi kabisa.

Kinachonisumbua mimi ni wiki ya tatu, baada ya kitenge cha sare kushuka mlima. Sukari imeisha. Mtoto mkubwa, ambaye ana miaka miwili tu, anataka abebwe yeye. Kama mama alijifungua kwa upasuaji, kidonda bado kinavuta kila anapoinuka kitandani, na bomba likikauka ndoo inatoka chini kabisa, inapandishwa kwa kichwa katikati ya mawe. Baba amerudi kwenye shughuli zake. Simu ya kuuliza "mnaendeleaje?" inaingia, naye anajibu "tunamshukuru Mungu," kwa sababu ndilo jibu tulilomfundisha.

Kijijini mambo yalikuwa na mpango wake. Mama mzaa chema au mama mkwe alikuwepo, akichemsha maji ya kumkanda mzazi, akipika uji, akimwambia alale. Mjini familia iko kwenye chumba cha kupanga na bibi yuko Sengerema au Ukerewe. Tangu Juni 2025 bibi wa Sengerema anavuka kwa daraja la Kigongo–Busisi, kilomita zipatazo 3 juu ya ziwa, wala hapangi tena foleni ya kivuko, na kwa hilo tumshukuru Mungu. Lakini daraja halipalilii muhogo. Atakuja siku chache, kisha shamba litamwita. Wa Ukerewe yeye bado anahesabu safari za meli ya Nansio.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, yaani mama wa akina Kulwa na Doto. Siku 84 ni wiki 12, karibu sawasawa na muda wa Mariamu kwa Elisabeti. Walioitunga huenda hawakuwa wakifikiria Luka, ila wamefika palepale. Tatizo ni kwamba hiyo ni haki ya aliyeajiriwa. Dada anayeanika dagaa Igombe, au mwenye meza ya samaki Mwaloni Kirumba, hana wa kumwandikia barua ya likizo. Siku asiyokwenda sokoni ni siku isiyo na hela ya unga, na ndiyo maana wapo wanaorudi kazini na kichanga mgongoni kabla arobaini haijatimia. Dada huyo yuko kwenye jumuiya zetu, anatoa sadaka kama wengine. Nani anaweza kumshikia meza yake wiki mbili na jioni akamletea mauzo yote, bila kujilipa? Hapo tutakuwa tumempa likizo kweli. Kitenge kingine anaweza kusubiri.

Na zamu zisipangwe za siku moja moja kwa watu thelathini. Mzazi akiona sura mpya kila asubuhi anageuka mwenyeji, anatafuta kiti, anaomba radhi kwa nyumba kuwa hivi ilivyo. Wawili watatu wanatosha, walewale, wanaojua chumvi inakaa wapi. Kliniki ya chanjo iko wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na kila mara kuna kichanga cha kubeba, mfuko, kadi, na mtoto mkubwa wa kuachwa na mtu. Mmoja wa hao wawili watatu azijue tarehe hizo kuliko anavyozijua tarehe za vikao vyetu.

Akina baba, msijifiche nyuma ya akina mama. Sheria hiyohiyo ilimpa baba siku zisizopungua 3. Siku tatu! Hata kitovu hakijadondoka. Wengine mnasema kazi zenu hazina hata hizo tatu, na ni kweli, lakini tuangalie wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, na mbalamwezi ikishakuwa kubwa watu wa kambini hutoka visiwani kurudi makwao. Ndugu yangu, wewe unarudi nyumbani ukiwa umezoea kukesha. Mchukue mtoto akishanyonya saa saba ya usiku, tembea naye chumbani, mwache mama alale hadi anyonyeshe tena. Sijui kazi gani ingekufaa zaidi katika juma hilo.

Tena kuna jambo la Zakaria ambalo sikumbuki kulisikia likihubiriwa. Siku ya nane jirani na jamaa walikuja kumtahiri mtoto, na wakaamua kumwita Zakaria, jina la baba yake. Mama akasema, "La, sivyo, bali ataitwa Yohana." Hawakumsikiliza. Wakamgeukia mume kwa ishara, wakitegemea atamrekebisha mkewe. Akaomba kibao akaandika, "Jina lake ni Yohana." Baada ya miezi yote ile ya ububu, jambo la kwanza alilolisema mbele ya ukoo ni lile mkewe alilokwisha kulisema. Na ulimi wake ukafunguliwa hapohapo.

Ndoa nyingi changa zinaumia mahali hapa hasa. Mzazi amefundishwa kliniki kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, hata maji asipewe. Anakuja mama mkwe, anakuja wifi, anakuja jirani wa chumba cha pili, kila mmoja na kikombe chake: maji ya uvuguvugu, maji ya sukari, dawa ya chango. Wote wana nia njema, kama wale jirani waliotaka jina la Zakaria. Mama anasema hapana, anaambiwa amesoma sana. Halafu macho yote yanamgeukia mume, naye anaitazama simu yake. Baba, hapo ndipo kibao chako kinapotakiwa. Huhitaji kumvunjia mtu heshima. "Mama, shikamoo, tunashukuru kwa kuja kutulea, ila kwa hilo tumekubaliana na mwenzangu tufuate walivyosema kliniki." Mama atanuna siku mbili. Atapona. Mwanamke aliyeachwa peke yake mbele ya ukoo anachukua muda mrefu zaidi.

Niseme kwa kifupi na hili, maana linafichwa. Mzazi kulia bila sababu katika siku za mwanzo ni jambo linalowapata wengi na hupita. Ikizidi wiki mbili, akawa hana hamu na mtoto, halali hata mtoto akilala, au anasema afadhali asingekuwepo, hiyo ni sonona, ni ugonjwa, na unatibika. Tumwombee, na tumpeleke kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Tusimwambie ni upungufu wa imani, wala tusimwitie kikundi cha kukemea pepo kabla hajaonwa na mtaalamu. Hali kadhalika damu nyingi, homa, kichwa kinachouma sana pamoja na kuona maluweluwe, au kichanga kinachokataa kunyonya: hayo hayangoji ibada iishe. Anayekuja mara moja na kuondoka hawezi kuyaona. Huyaona yule anayeingia jikoni kila siku ya pili.

Nimeacha mwisho jambo lililotangulia katika somo. Kabla Mariamu hajainua ndoo hata moja, Elisabeti alikwisha kumpa yeye kitu. Binti ameposwa, hajaolewa, ana mimba, na hakuna jirani wa Nazareti ambaye angeielewa. Mama huyu mtu mzima, mke wa kuhani, mwenye jina katika mji wake, akamwambia kwa sauti kuu: "Umebarikiwa wewe katika wanawake, naye mzao wa tumbo lako amebarikiwa." Kisha akamweka nyumbani kwake kipindi kile cha mwanzo kabisa, ambacho mimba ni changa na hofu ni nyingi.

Binti wa kwaya zetu akipata mimba hakuna malaika aliyemtokea, nalijua hilo, na wazee wa kanisa wana utaratibu wao ambao sikuja kuubishia. Lakini kikao hakimpeleki mtu kliniki. Hudhurio la kwanza la mjamzito linatakiwa kabla ya wiki 12 kutimia, na wiki hizo ndizo binti huyu anazitumia kujifunga kitenge kwa nguvu, kukwepa Jumapili na kujifanya ana malaria. Wengine wanamwona na kunyamaza, wakingoja tumbo lijiseme lenyewe. Kama yupo wa namna hiyo kwenye jumuiya yenu, na mara nyingi akina mama mnakuwa mmeshamjua, mmoja wenu amwendee leo jioni, asimuulize ni ya nani, amwambie tu: "Mwanangu, kesho saa moja asubuhi nitakupitia, tutakwenda wote."