Nilivyoyashusha madungusi korongoni

Nilipoanza kujitolea kwenye hebaria moja (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) huko Arizona, Marekani, nilipewa kazi niliyoiona nyepesi: kuhakiki kumbukumbu za Echinocereus engelmannii, dungusi kakati la porini ambalo watu wa kule hulipa jina la kalunguyeye kwa wingi wa miiba. Kwetu Dodoma nimekua na mpungate wa uani, nao asili yake ni hukohuko Amerika. Hili la jangwani huota kwa mafungu kwenye mawe. Maua yake ni ya zambarau, na katikati ya kila ua kuna kijani kibichi kinachong'aa.

Kwenye karatasi ya hebaria uzuri huo haupo tena. Dungusi halikandamizwi kama jani. Hupasuliwa, likakwanguliwa nyama ya ndani, kisha hukaushwa ganda na miiba yake. Ua la kwanza nililolikuta lilikuwa na rangi ya majani ya chai. Kama mkusanyaji hakuandika rangi, unabaki na miiba na kioo cha kukuzia.

Lakini kilichonitoa jasho ni mahali. Grand Canyon, korongo kubwa la huko Arizona, ina kina cha kilomita 1.6 hivi. Nukta ya ramani inayoonyesha mmea ulikochumwa ikikaa kando kwa kilomita mbili kwenye tambarare, si neno. Pale inalitoa dungusi kwenye joto la mtoni na kulipandisha ukingoni, kwenye misonobari na theluji. Na nukta nyingi zilikuwa hukohuko juu, ilhali lebo zinataja miteremko ya ndani.

Nami nilikosea. Niliipitisha kumbukumbu yenye mwinuko wa mita 3,600. Msimamizi wangu akaniuliza kwa upole, "Ndani ya korongo, mita 3,600 umezipata wapi?" Ukingo wa kusini wenyewe hauzidi sana mita 2,100. Nikaona aibu, nikarudi kwenye picha ya lebo: zilikuwa futi.

Kuanzia hapo nikabadili utaratibu. Nasoma lebo yenyewe kabla ya kilichochapwa kwenye kumbukumbu. Naanza na mwinuko, naugeuza kuwa mita, halafu nafuata mstari wake kwenye ramani mpaka ukutane na jina la mahali. Tarehe nazo husaidia mno, kwa sababu mkusanyaji ana safari yake. Wanabotania Elzada Clover na Lois Jotter walishuka kwa mashua Mto Colorado, unaopita chini ya korongo hilo, mwaka 1938, na mwaka 1941 wakatangaza dungusi jipya la jamii hii, Echinocereus canyonensis. Watu kama hao ukijua siku fulani walilala wapi, umeshapunguza nusu ya kazi. Nawaheshimu sana: kukwangua dungusi kwa kisu kando ya maji yanayonguruma, kwenye joto lile, na bado wakaandika.

Ile ya futi 3,600 lebo yake ilisema "chini ya Indian Garden". Kwenye ramani mpya sikupaona, maana tangu 2022 panaitwa Havasupai Gardens. Mahali penyewe ni kama futi 3,800, kwa hiyo chini yake kidogo, kwenye njia ya Bright Angel, hesabu inakubali. Nikaandika mita 1,097, nikachora duara la shaka la mita 500, yaani eneo ambalo huenda dungusi lilichumwa humo, nikahifadhi. Nukta ikashuka kutoka kijijini ukingoni mpaka kwenye mteremko lilikochumwa.