Rupia ya Bibi

Bibi yangu alikuwa na kopo la bati la biskuti, lenye mfuniko uliobana mpaka uubandue kwa mpini wa kijiko. Ndani yake mlikuwa na kipande cha khanga kuukuu, kimefuliwa hata maandishi yamefutika, na ndani ya khanga sarafu saba za fedha. Mara mbili tatu kwa mwaka, akishaoga na kukaa barazani kwake Pangani, alilifungua akatuonyesha wajukuu. Hakuturuhusu kushika. Yeye mwenyewe aliziokota moja moja kwa vidole viwili, akiibana sarafu ukingoni, akaigeuza juani, akairudisha. "Hii si pesa ya sokoni, hii ni amana," alisema kila mara. Nami niliamini kwamba namna ile ya kushika ni heshima tu ya wazee.

Mwaka 2009, miezi michache kabla hajafariki, aliniita akanikabidhi kopo. Mlikuwa na reale mbili za Sham, zile kubwa zenye sura ya Maria Theresa wa Austria, ambazo zote husoma 1780 hata zikiwa zimepigwa miaka mia baadaye. Mlikuwa na shilingi tatu za Waingereza za miaka ya 1920, zenye simba mbele ya milima. Na rupia mbili za Wajerumani. Rupia hizo zilikuwa na kijivu cha wingu la mvua, na ukiziinamisha kidogo, ukingoni hutokea buluu na zambarau kama shingo ya njiwa.

Moja kati yake niliipenda kupita zote. Upande mmoja Kaisari Wilhelm II na kofia yake ya vita yenye tai utosini. Upande wa pili simba na mnazi, na mwaka: 1890. Abushiri, aliyewaongoza watu wa pwani kuwapinga Wajerumani, alinyongwa Pangani Desemba 1889. Kwa hiyo sarafu ile ilipigwa mwaka uliofuata, ikaja kutumika kwenye pwani ileile, rupia moja kwa pesa 64. Nilikuwa nikiitazama nawaza mikono iliyoipokezana, wachukuzi, wavuvi, wenye mashamba ya minazi, mpaka ikamfikia mama yake Bibi.

Nilitaka kuzitunza vizuri kuliko alivyozitunza yeye. Tanga, kwenye duka la vifaa vya shule, nilinunua albamu yenye mifuko laini ya plastiki, inayopinda kama kitambaa, yenye harufu kali ya mpira mpya. Nikazipanga humo, nikaiweka rafuni sebuleni, dirisha likiwa upande wa bahari. Kopo nilitia misumari.

Masika ya 2011 mjomba wangu alikuja kutusalimu. Baada ya chakula akasema, "Hebu nione zile reale za mama." Nilipofungua albamu, plastiki ilikuwa imegandia sarafu. Niliibandua taratibu, na chini yake nikakuta utelezi wa kijani. Shilingi ndizo zilizoumia zaidi, madoa ya kijani yamezizunguka herufi. Reale zilikuwa na nukta nukta. Kwenye rupia ya 1890 mlikuwa na unyevu unaonata shingoni mwa Kaisari, na kando yake alama ya kidole gumba, ya kahawia, mistari yake yote inahesabika. Kilikuwa kidole changu, cha siku niliyoipanga.

Mjomba hakusema neno. Aliifunga albamu akaisukuma kwangu.

Usiku ule nilifanya kosa ambalo mpaka leo linaniuma kuliko lile la albamu. Utotoni bangili za fedha tuliziosha kwa ndimu na majivu, zikawa nyeupe kama jino. Nikachukua ndimu, nikachota majivu jikoni, nikaanza na ile niliyoipenda zaidi. Kijani kilitoka. Alama ya kidole ilififia. Kijivu nacho kilitoka, na buluu ya ukingoni, na ile zambarau. Dakika kumi baadaye nilikuwa nimeshika kitu cheupe, kikali machoni, ambacho sikukitambua.

Asubuhi nilikwenda nazo zote kwa sonara mmoja mzee, mwenye kibanda chembamba karibu na soko.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba baba. Umeleta nini?"

Aliiinua rupia, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango, akaiinamisha. Kisha akaniita upande wake nione. Uso mzima ulikuwa na mikwaruzo myembamba kama nywele, yote inakwenda upande niliosugulia.

"Weusi ule ulikuwa ngozi yake, baba. Umeichuna."

Akanieleza, bila kunikaripia, na nadhani ndiyo maana nimeyashika maneno yake. Fedha hailiwi na kutu kama chuma. Inashikwa na salfa iliyo hewani, ya moshi, ya mayai, ya raba, ya sufu, hata ya karatasi ya magazeti. Utando ukiwa mwembamba huwa wa njano, ukinenepa huwa wa kahawia na zambarau, halafu buluu, mwishowe mweusi. Utando huo umefanyika kwa fedha ya sarafu yenyewe. Ukiusugua, unaondoka na fedha yake. Ukiwa umetandaa sawasawa, uache. Wanunuzi wanaojua huulipia.

Kijani ni jambo jingine. Albamu yangu ilikuwa ya PVC, plastiki ileile ya mabomba ya maji ila imelainishwa kwa mafuta. Kwa joto na unyevu wa Tanga mafuta yale hutoka, plastiki nayo hutoa asidi, na asidi huivamia shaba iliyochanganywa na fedha. Ndiyo maana shilingi ziliteseka kupita reale. Zile shilingi ni robo tu fedha, wakati reale ina sehemu 833 kwa elfu. Kijani hicho, alisema, hakiachwi hata siku moja, kwa sababu kinaendelea kula.

"Nenda katafute asetoni safi. Si dawa ya kufutia rangi ya kucha, ile ina manukato na mafuta. Na usisugue."

Niliipata kwenye duka la vifaa vya maabara. Nilimwomba mke wangu azime jiko, nikafungua madirisha yote, maana kimiminika kile hushika moto upesi, nikaweka mabakuli mawili ya kioo juu ya meza. Nilizizamisha sarafu moja moja, nikizigeuza kwa vijiti vya mishikaki visivyokwaruza. Utelezi ulianza kulainika na kuachia. Nilizihamishia kwenye bakuli la pili lenye asetoni mpya, kisha nikazilaza juu ya kitambaa cha pamba zikauke zenyewe. Kijivu cha rupia ya pili kilibaki palepale, na zambarau yake. Nilikaa mezani nikalia, kwa kuwa nilijua sasa ile ya 1890 nayo ingeweza kutoka hivyo.

Shilingi mbili zilibaki na vishimo vidogo mahali asidi ilipokwisha kula. Hivyo havina dawa.

Siku hiyohiyo nilimwaga misumari nikaliosha kopo la Bibi, nikalianika juani siku mbili. Mfuniko wake unaobana ulikuwa umeizuia hewa ya chumvi na moshi wa jikoni kwa miaka yote ile, na khanga yake ya pamba haikuwa na kitu cha kutoa. Vidole vyake viwili ukingoni, baada ya kuoga, havikuacha chumvi wala jasho usoni mwa sarafu. Nimeongeza mambo mawili tu. Kila sarafu ina kifuko chake cha polista ngumu, kisicho na harufu, na chini ya khanga naweka vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, nikivibadilisha kila masika.

Rupia ya 1890 imo humo na wenzake. Karibu na mwaka, chini ya mnazi, imeanza kuingia njano hafifu.

Siigusi.