Nilivyomwingiza pora kwa mitetea tisa waliozoeana

Jogoo wangu wa zamani sikumwondoa kwa ubaya. Alikuwa baba wa mitetea wanne kati ya tisa nilionao hapa Uyole, Mbeya, na hao wanne walikuwa wameshaanza kutaga. Ningemwacha, vifaranga wa msimu uliofuata wangekuwa watoto wake na wajukuu wake kwa wakati mmoja. Kwa jirani nilishaona mambo hayo: mayai mengi yanaoza chini ya koo, na vifaranga wachache wanaotoka wamedumaa. Basi Pasaka tukamla, nikaanza kutafuta damu mpya.

Nilimpata Kiwira, kwa mama mmoja anayefuga kienyeji watupu. Pora wa miezi minne, mwekundu mwenye mkia mweusi, miguu minene, ndio kwanza anajifunza kuwika na sauti inamkatikia njiani. Mama alitaka 20,000, tukaelewana 18,000. Nikamtia kwenye tenga, tukapanda Coaster, naye njia nzima kimya kama mtu aliyeibiwa nauli.

Siku 14 za kwanza alikaa peke yake kwenye stoo nyuma ya jiko. Hapo sikukosea. Ugonjwa wa mdondo ukiingia bandani unafagia, na kuku aliyeubeba anaweza kuonekana mzima kwa siku kadhaa kabla hajaanza kuzubaa. Mama wa Kiwira hakukumbuka alichanja lini mara ya mwisho, kwa hiyo nilimdondoshea chanjo jichoni, tone moja, sawa na wenzake ninaowachanja kila baada ya miezi mitatu. Nikampa dawa ya minyoo na kumpulizia ya utitiri chini ya mbawa. Siku zote hizo nilimhudumia wa mwisho, baada ya kumaliza bandani.

Kosa lilikuja siku ya kumtoa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ndivyo tulivyolelewa: akiletwa anafungwa siku tatu, nne, azoee nyumba. Nikamfunga kwenye shina la mparachichi, nikafungua banda, nikaingia ndani kunywa chai. Hofu yangu yote ilikuwa kwamba yeye, dume, atawasumbua mitetea. Hata sikuwaza kinyume chake.

Ninaye koo wa miaka mitatu, tunamwita Mwenyekiti. Yeye ndiye anayeanza kula, na fito ya juu ni yake. Alimzunguka yule pora mara mbili, akamdonoa kichwani. Wenzake wakafuata. Sasa, kuku akidonolewa na mkubwa wake hukimbia, na kule kukimbia ndiko kuomba radhi; aliyemdonoa anaridhika, anaendelea na chakula chake. Wangu alikimbia mpaka kamba ikaisha, ikamwangusha. Akajaribu upande mwingine, ikamwangusha tena. Machoni pa wale tisa alikuwa mgeni aliyegoma kuondoka. Niliposikia kelele nikatoka, upanga wake wa kichwani ulikuwa umechanika na damu imemtiririkia hadi shingoni, na kuku wakishaona damu hawaachi, wanaifuata ile ile.

Mama jirani alinikuta nimempakata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, ndiyo nini hii, unamfunga mtu halafu unawaita watu wampige?"

Sikuwa na jibu. Yeye ndiye aliyenishauri nigawe banda. Nilimrudisha stoo, nikampaka dawa ya zambarau ifiche ule wekundu, na kidonda kilipokauka nikanunua mabanzi na wavu, nikakata kona moja ya banda. Akakaa humo wiki tatu, anawaona, wanamwona, hakuna wa kumgusa. Chakula niliweka karibu na wavu pande zote mbili ili wale wakitazamana. Siku za mwanzo Mwenyekiti alikuwa anapiga wavu kwa kifua. Ilikuwa Juni, na baridi ya Uyole ya Juni mnaijua. Nikaja kugundua usiku wale mitetea wadogo wanne wanalala wamebanana ubavuni mwa wavu, naye upande wake amejibana hapo hapo. Nikaona tumefika mahali.

Kabla ya kuondoa wavu nilimtoa Mwenyekiti, nikamfungia stoo siku nne. Nyumbani walinicheka, eti nimefanya mapinduzi. Usiku wa kwanza bila yeye, saa mbili, gizani, nilimbeba pora nikampandisha kwenye fito katikati ya wale wadogo. Giza likiingia kuku haoni, hana ugomvi. Nikaamka kabla hakujapambazuka kufungua mlango, maana kudonoana ndani ya banda lililofungwa hakuna pa kukimbilia. Pumba na mashudu ya alizeti nikavimwaga sehemu tatu zilizoachana, maji sehemu mbili, na nikaegemeza ubao ukutani apate pa kujificha. Alidonolewa, ndiyo. Lakini safari hii alikimbia, na wakamwacha.

Mwenyekiti aliporudi siku ya tano, yeye ndiye akawa mgeni. Alianza kugombana na makoo wenzake kutafuta kiti chake, pora akasahaulika.

Kilichobaki kilikuwa umri. Mtetea mtu mzima hamheshimu pora wa miezi mitano hata umfanyie nini, na akijaribu kumpanda anachapwa. Mwezi mzima alikula wa mwisho na kulala karibu na mlango. Kuwika pia alikuwa hawiki. Halafu siku moja, karibu anatimiza miezi sita, alikuwa anachakura kwenye samadi akapata funza mnene. Hakumla. Alimwokota, akamwangusha, akamwokota tena, huku anaita kwa ile sauti ya chini ya harakaharaka. Mmoja wa wale wadogo akaja, akamla. Kesho yake walikuja watatu. Mimi nilisimama na ndoo mkononi nimesahau ninakokwenda.

Mwishoni mwa Agosti nikatamisha mayai 12. Mtetea huhifadhi mbegu za jogoo kwa wiki mbili, wakati mwingine zaidi, ila yule wa zamani tulishamla tangu Pasaka, kwa hiyo hapakuwa na ubishi wa baba ni nani. Siku ya saba nikayamulika kwa tochi ya simu: kumi yalikuwa na mishipa.

Sasa anawika saa kumi alfajiri, na mwewe akipita yeye ndiye wa kwanza kupiga kelele. Mwenyekiti bado humdonoa akichelewa kumpisha kwenye maji. Naye anampisha.