Nilivyojifunza Kimalagasi kabla ya kwenda misheni Madagaska

Wito wangu ulikuwa na mambo mawili: ningetumikia Misheni ya Antananarivo, Madagaska, na nijiandae kuhubiri kwa Kimalagasi. Ingekuwa Kifaransa ningejikaza, maana angalau nilikuwa nakisikia redioni. Kimalagasi sikuwa nimesikia hata matusi yake.

Kwa wasiojua, mimi ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi wanatuita Wamormoni. Wavulana huenda misheni kuanzia miaka 18 na kukaa miaka miwili. Sisi wasichana wakati ule tulianza na miaka 19, tukakaa miezi 18. Huchagui nchi wala lugha. Kabla ya kuondoka unapitia kituo cha mafunzo. Kikubwa kuliko vyote kiko Provo, Utah, lakini mimi nilipelekwa Johannesburg, baada ya masomo ya mwanzo kwa intaneti nikiwa nyumbani Kibwezi. Masomo hayo ya intaneti sina mengi ya kuyasema. Stima zilipotea, bando likaisha, na mamangu akawa anapita nyuma yangu na sufuria.

Johannesburg ndiko kazi ilikoanzia. Darasa letu lilikuwa dogo: Wamarekani kadhaa, dada wa Zimbabwe aliyepangwa kuwa mwenza wangu, maana misheni tunatumikia wawili wawili, na mimi. Mwalimu alikuwa kijana wa Antsirabe, Madagaska, aliyekwisha kumaliza misheni yake. Aliingia akitabasamu, akasema maneno marefu ambayo hakuna aliyeyaelewa, kisha akatuonyesha kwa mikono kwamba tuiname tusali.

Kuanza na sala kulinisaidia kuliko kitu kingine chochote. Sala zetu nyingi si za kukariri, lakini zina mifupa yake: unamwita Baba, unashukuru, unaomba, unafunga kwa jina la Yesu Kristo. Ukishika mwanzo wa kila sehemu, unaweza kusali jioni ileile, na kwa siku utasali mara nyingi mno: darasani, mezani, kabla ya kulala. Shida ni vitu vya kutia katikati. Mimi nilikuwa na neno la wali, kwa hiyo nilimshukuru Mungu kwa wali hata siku tulizokula viazi.

Katika sala hizo ndimo nilimokutana na jambo ambalo Kiswahili hakikuwa kimenitayarishia. Sisi tuna "yetu" moja tu. Wao wanazo mbili: ya sisi pamoja na wewe ninayekusemesha, na ya sisi bila wewe. Ukimwomba Mungu unasema "Rainay", Baba yetu, kwa sababu Yeye unayemsemesha hayumo katika hao watoto. Ukimgeukia mwenye nyumba unayemfundisha unasema "Raintsika", Baba yetu, wako na wangu. Mwalimu alisimama katikati ya chumba, akatukusanya kwa mikono miwili kama mtu anayeswaga kuku: hawa wote, "isika". Kisha akajitoa akaenda mlangoni: sasa ninyi mkiniambia mimi, sisi bila wewe, "izahay". Ilichukua dakika mbili, na sikuhitaji kuelezwa tena.

Kabla hatujazoea hata kusalimiana vizuri, tukaambiwa tuanze kufundisha. Mwalimu alitoka, akafunga mlango, akabisha hodi. Aliporudi hakuwa mwalimu tena. Alikuwa mtu wa Antananarivo aliyefiwa na babake, na sisi wawili tulitakiwa tumfundishe bila Kiingereza. Alikuwa na maswali, na alipochoka nasi alitazama saa. Mwenza wangu aliposhindwa nilidakia, niliposhindwa akadakia, na tulipokwama wote tulisema "avereno azafady", rudia tafadhali, ili tupate nafasi ya kufikiri. Wengine walilalamika kwamba tulikuwa tunakimbizwa. Mimi naona ndiyo iliyokuwa siri ya mafunzo yale. Orodha ya maneno nilikuwa naisahau kabla ya chakula cha mchana, lakini neno nililolikosa mbele ya mtu aliyefiwa, nikalitafuta usiku, mpaka leo ninalo.

Wamarekani walichora majedwali ya vitenzi kwa rangi tatu. Mimi nilifungua simu, nikaweka Kitabu cha Mormoni, andiko letu takatifu pamoja na Biblia, cha Kiswahili na cha Kimalagasi, mstari kwa mstari, nikasoma kwa sauti. Hapo nikaanza kuona kwamba Kiswahili kinanibeba. Sisi tunasoma na tunasomesha. Wao "mianatra" na "mampianatra". Sisi tunapenda na tunapendana. Wao "tia" na "mifankatia". Chetu kinabandikwa nyuma ya neno, chao mbele, ila mwendo ni uleule, na "yeye" wao nao hawajali kama ni mwanamume au mwanamke. Si kwamba ni lugha moja; ndugu zake wa karibu wako Borneo, huko Indonesia. Lakini ng'ombe wao ni "omby", na kuku ni "akoho". Wataalamu wa lugha wanasema majina ya mifugo kama hayo yalivuka bahari kutoka huku kwetu.

Kilichonitesa ni mpangilio. "Mividy mofo aho": nanunua mkate mimi. Mtendaji huja mwisho, kwa hiyo unasikiliza sentensi nzima ukingoja kujua ni nani. Hesabu nazo zinaanzia kwa ndogo kwenda kwa kubwa. Na hesabu huwezi kuzikwepa, kwa sababu somo la kwanza linamtaja Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa letu, akienda kusali msituni mwaka 1820, nao mwaka huo unatamkwa "roapolo sy valonjato sy arivo": ishirini na mia nane na elfu. Niliufanyia mazoezi bafuni. Mwenza wangu, ambaye kwa kanuni zetu hakuwa mbali nami, akaushika kwa kuusikia tu mlangoni.

Tulipotua Antananarivo nilikuwa naweza kueleza toba na ubatizo bila kukwama, ila sikujua kushuka kwenye gari. Matatu zao zinaitwa taxi-be, na abiria anayetaka kushuka anapaza sauti "misy miala!", kuna anayeshuka. Hilo halikuwa kwenye masomo yetu. Nilipewa mwenza mpya, dada wa Fianarantsoa asiyejua Kiingereza kabisa, na nadhani rais wa misheni, yaani msimamizi wetu, alifanya hivyo makusudi. Mchana tulihubiri, jioni tulipika, na katika kukata vitunguu ndipo nilipojifunza lugha ya watu: kunung'unika, kutania, kusema mguu unauma.

Sokoni palikuwa na mtihani mwingine. Ariari ilichukua nafasi ya faranga mwaka 2005, lakini bado nilikutana na wauzaji, hasa akina mama wa umri mkubwa, wanaotaja bei kwa faranga za zamani, na ariari moja ni faranga tano. Mama wa nyanya anasema elfu tano, nawe unatakiwa kutoa elfu moja. Kwa hiyo unaisikia namba ikianzia mkiani, unaigeuza, unaigawanya kwa tano, na nyuma yako foleni inasonga. Mwenza wangu hakuwa na huruma. Kikapu nabeba mimi, bei naulizia mimi, yeye anasimama pembeni akicheka na wauzaji. Na nikipunjwa, posho iliyopungua ilikuwa yangu.