Uliyemwumba Acheze Humo

Somo: Zaburi 104:24–28

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Zaburi ya 104 ni ndefu, na mara nyingi tunaipita mbio. Juma hili naomba tutulie kwenye mstari wa 26. Mtunga zaburi anaitazama bahari, anataja merikebu zipitazo humo, kisha anamtaja lewiathani, yule mnyama mkubwa wa baharini, na kumwambia Mungu: "uliyemwumba acheze humo." Hasemi avuliwe, wala afanye kazi. Acheze.

Mstari huo ulinishika nikiwa Mafia, kwenye boti ya mbao iliyotoka Kilindoni asubuhi. Ilikuwa kaskazi, majira ambayo potwe husogea karibu na pwani. Nahodha alizima mashine, akatuomba tutulie. Ukapita ubavuni mwetu mgongo mpana wenye madoa meupe, taratibu, na hakuna aliyesema neno. Potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Anaweza kuzidi mita 12. Chakula chake lakini ni kamba wadogo mno na vijidudu vielea majini, anavyovichuja kwa kuachama tu. Madoa ya kila mmoja ni yake peke yake, hata watafiti huwatambua kwa hayo. Hakutujali hata kidogo. Alikula, akazama. Nikaona jinsi zaburi ilivyopanga maneno yake: merikebu zinapita, lewiathani yuko kwake.

Najua potwe leo huleta wageni na riziki Kilindoni, na nafurahi. Ila Mungu alipendezwa naye kabla mgeni wa kwanza hajafika.

Mchana tulikatiza kisiwa hadi Utende, tukavuka kwa mashua kwenda Chole, ambako popo wakubwa hushinda wakining'inia mitini wakisubiri jioni waruke kutafuta matunda. Jirani yake ni Juani. Huko kasa hupanda ufukweni usiku, hufukia mayai yanayoweza kuzidi 100, kisha hurudi baharini. Baada ya miezi miwili hivi watoto hujichimbua wenyewe, bila mama, wakashuka majini. Mstari wa 27 unasema hao wote wanamngoja Mungu awape chakula chao kwa wakati wake. Maji hayo yamekuwa hifadhi ya bahari tangu 1995, ya kwanza Tanzania, na walinzi wake wanastahili maombi yetu kama wanavyostahili wachungaji.

Nayasema haya kwa ajili ya baadhi yenu. Uliyestaafu. Uliye kitandani. Kijana uliyemaliza chuo na ajira haijapatikana, unayeona aibu kuja ibadani kwa sababu huna cha kutoa. Ayubu alipobaki na majivu na vidonda, Mungu hakumwuliza angemfaa kwa lipi tena. Alimwonyesha mbuzi-mwitu wakizaa mwambani, mbuni akikimbia, na mvua ikinyesha mahali pasipokaa mtu. Anavipenda vyote hivyo, na havimtumikii mtu yeyote.

Juma hili tusome Ayubu 38 hadi 41, sura moja kwa siku. Nyumbani mkiwa na mgonjwa, msomeeni kwa sauti. Tuwaombee pia wavuvi wetu watokao usiku.

Baba, uliyewafanya potwe na kasa ukapendezwa nao, mtazame leo ndugu yetu anayejiona hana faida. Umpe riziki yake kwa wakati wake, na umpe kufurahi mbele zako. Amina.